Goli Langu Moja na Miaka Sita ya Baba Kuninyamazia

Nimecheza mpira wa kulipwa miaka kumi na saba. Nimefunga goli moja tu.

Siku niliyolifunga, baba yangu mzazi alikuwa uwanjani, amekaa kwenye benchi la timu pinzani. Hakunisemesha tena kwa miaka sita.

Sitanii. Krismasi sita, meza moja, hata neno.

Naitwa Loris Bordoni, beki wa kati, na kama hujawahi kunisikia usijilaumu. Nimezunguka timu tisa za daraja la pili na la tatu hapa Italia, leo mji huu, kesho ule, nyumba ya kupanga hii na ile. Kazi yangu ilikuwa kubutua mipira na kupigwa viwiko vya mbavu. Mshambuliaji akikosa mara tisa akafunga mara moja, anabebwa juu juu. Beki akipatia mara tisa akakosea mara moja, hiyo moja ndiyo atakayozikwa nayo. Nilichoka mapema sana. Niliendelea kwa sababu sikujua kazi nyingine.

Kwetu ni Castelserra, mji mdogo wa vilimani huko Marche. Baba, mzee Ermete, alikuwa mtunza vifaa wa timu ya mji. Anafua jezi, anasugua njumu, anamjua kila mchezaji kwa namna anavyolaza kiatu. Mimi nimekulia ndani ya kile chumba cha vifaa, kwenye harufu ya sabuni na matope.

Sasa sikia mkasa wenyewe.

Mwaka wangu wa kumi na moja kwenye kazi nilikuwa nachezea timu moja ya kusini. Mechi ya mwisho ya msimu tunacheza na nani? Castelserra, tena kwao. Sisi tukishinda tunabaki, wao wanashuka daraja. Wao sare tu inawatosha.

Dakika ya themanini na nane, bado bila bila. Tukapata kona upande wa kushoto.

Nikapanda kama nilivyopanda kwenye kona zote za maisha yangu, mbio hadi nguzo ya kwanza. Siku hiyo hakuna aliyenigusa. Hata wa kunivuta jezi hakuwepo. Nikaruka peke yangu, mpira ukanigonga kwenye paji la uso, ukaingia kimiani.

Wenzangu wakaja mbio kunikumbatia.

Huku kwetu ukiifunga timu iliyokulea, hushangilii. Nikainua mikono kuomba radhi, nikageukia benchi lao. Baba alikuwa amejifunika taulo kichwani.

Kabla basi letu halijaondoka nilipita nyumbani kuwasalimu. Baba akafungua mlango, akaniona, akaurudisha taratibu.

Castelserra wakashuka. Kiangazi hicho hicho timu ikavunjika, ikaanza upya kwenye ligi ya ridhaa. Baba akabaki pale pale, anafua jezi bure. Moyoni nikajisemea, huyu hatanisamehe mpaka anaingia kaburini.

Krismasi nikirudi ilikuwa hivi:

"Ivana, muulize huyo kama anataka jibini."

"Muulize mwenyewe, ana masikio," mama anamjibu.

Haulizi.

Mwingine aliyeumia ni Fausto, beki wao, ambaye nimekua naye. Nguzo ya kwanza ilikuwa ya kwake kulinda. Aliacha mpira, akafungua duka la rangi. Kila akiingia baa kunywa kahawa, lazima atokee mtu wa kumchokoza: "Fausto, leo unamkaba nani?" Anatabasamu, anamaliza kikombe, anaondoka.

Mwaka huu goti langu likagoma kabisa. Daktari akaniambia basi, inatosha. Nikarudi nyumbani na begi moja.

Mama akanipa bakuli lenye vincisgrassi, tambi zake za kuoka. "Mpelekee baba yako uwanjani kabla hazijapoa."

"Mama, hataki kuniona."

"Chakula atataka kukiona. Nenda."

Nilimkuta chumba cha vifaa, ameinamia beseni. Ana miaka sabini na nne sasa. Nikaweka bakuli mezani, nikaweka na njumu zangu, maana sikujua pengine pa kuzipeleka. Akazichukua. Akaanza kusugua.

"Goti lipi?"

Nilidhani masikio yangu yananidanganya.

"La kulia, baba."

"Mimi nilimwambia la kushoto."

"Ulimwambia nani?"

"Kocha wetu." Hakuinua uso. "Wiki ya ile mechi aliniuliza, mwanao kwenye kona anakimbilia wapi? Nikamwambia hapandi. Goti la kushoto linamsumbua, anabaki nyuma."

Nikakaa juu ya kikapu cha jezi chafu.

"Baba, ulidanganya?"

"Nilitaka nikuone ukiruka bila mtu kukung'ang'ania. Mara moja tu. Sikujua kama utafunga. Nikaushusha mji wangu mwenyewe."

"Sasa mimi ulininunia kwa nini?"

"Sikukununia. Ningefungua mdomo, ningekwambia. Na ningekwambia, lile goli lingekuwa langu, si lako. Na unalo moja tu, Loris."

Nililia, sioni aibu kusema. Miaka sita nililichukia lile goli, na miaka sita yeye alikuwa ananitunzia.

Tukala kwa uma mmoja, tukipokezana. Kisha akavaa koti.

"Twende kwa Fausto. Nimechoka kulibeba hili."

Fausto alikuwa anakoroga kopo la rangi nyeupe. Baba akavua kofia, akamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Fausto akaendelea kukoroga.

"Nilijua, mzee Ermete."

"Ulijua nini?"

"Nimecheza na huyu tangu tuna miaka tisa. Kona ya kushoto anakimbilia nguzo ya kwanza, hata awe na homa. Kocha aliposema hapandi, nikajua mzee kampiga changa la macho."

"Na bado hukunikaba?" nikauliza.

Akaniangalia kwa huruma kabisa.

"Nikukabe wewe, bwana? Miaka kumi na moja hujafunga hata mazoezini! Nilikuona unakuja. Nikasema mwache aruke, baba yake afurahi, kipa atadaka."

Baba akaanza kucheka mpaka akakohoa, ameshikilia meza kwa mikono miwili. Alipopata pumzi akanigeukia.

"Basi ni lako," akasema. "Uongo wangu haukumdanganya hata Fausto. Goli ni lako."

Jana tuliingia baa watatu. Jamaa mmoja akaanza yale yale: "Fausto, leo unamkaba nani?" Baba akaweka kikombe chini. "Mwacheni," akasema. "Aliyeacha mlango wazi ni mimi." Akawasimulia mwenyewe, mbele ya mji wake. Hakuna aliyemchokoza Fausto tena.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu wako amekunyamazia, mwendee umuulize. Usikae unajijibia kwa niaba yake. Mimi nilijijibia miaka sita, na baba ana sabini na nne.