Jirani yangu alishuhudia kanisani kwamba amepona kifua kikuu, kisha kikohozi kikarudi

Kikohozi nilikisikia kabla sijajua mwenye nacho ni nani.

Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza kwenye chumba nilichopanga Nsambya, hapa Kampala, vyombo bado vimo kwenye ndoo. Ukuta kati yangu na jirani ni mwembamba, ukiweka kikombe mezani upande huu, upande wa pili wanajua unakunywa chai. Kilikuwa kikohozi cha chini, kirefu, cha kukwaruza, utadhani mtu anaburuta meza juu ya sakafu ya saruji. Kilipokoma, sauti ya mwanamke ikasema, "Pole, Papa Neema." Halafu mwanamume akaanza kuimba besi, taratibu, kama mtu anayejaribu kukanyagia mguu uliokuwa umevunjika.

Wakuu, salamu kwenu, mlio kazini na mliojificha kazini.

Haya niliyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio, na mengine niliyatamka kwa kinywa changu mwenyewe, mtaona kwa nini. Majina nimebadili. Kanisa sitalitaja. Mkiwa mnatafuta mtu mbaya wa kumshambulia, humu hayumo, nimemtafuta hata mimi.

Kidogo kuhusu mimi. Nilizaliwa Kigoma, Kampala nimekaa sasa miaka ya kutosha kuota ndoto kwa Luganda. Naandika hadithi. Jumapili ni mkalimani katika kanisa dogo la Wakongomani, jengo la mabati lililo bondeni, si mbali na nyumba za polisi. Pasta anahubiri kwa Kiswahili cha Bukavu, mimi naweka Luganda, kwa sababu nusu ya viti wanakalia wenyeji.

Kwa wasioijua kazi hii: mkalimani wa kanisani husema "mimi". Hasemi "pasta anasema". Pasta akisema "nimetenda dhambi", nawe unasema nimetenda dhambi. Akipiga goti, unapiga. Akinong'ona, unanong'ona. Watu wakuone wewe kama kivuli chake kinachoongea.

Na niseme wazi kwamba kipindi hicho mwenyewe sikuwa naomba. Sikuwa na ugomvi na Mungu. Nilikuwa nimekauka tu, kama kalamu ambayo wino upo ila hautoki. Ukinipa maneno ya mtu mwingine nayasema kwa moto hadi kina mama wanatoa vitambaa. Ukiniacha peke yangu na kitanda changu, sina hata sentensi moja.

Tuendelee.

Papa Neema anauza vitenge. Anavikunja begani na kuzunguka navyo kwenye maghorofa ya Bugolobi, mlango kwa mlango. Kanisani ndiye besi ya kwaya. Akiimba, benchi mnalokalia linatetemeka kidogo. Kikohozi kilipomtoa kwenye kwaya alikuwa anakaa nyuma kabisa karibu na mlango, midomo inacheza bila sauti.

Kliniki walimpima, wakamwambia ni kifua kikuu, wakampa vidonge na maneno ya kawaida: meza kila siku, miezi hadi iishe, hata ukijisikia mzima. Akameza. Kikohozi kikapungua. Kuna asubuhi niliamka nikajiuliza kilichonishtua ni nini, nikagundua ni ukimya.

Sasa hapa inabidi niwaeleze utaratibu wetu wa ushuhuda.

Baada ya sadaka, kwaya inaanzisha wimbo na mwenye ushuhuda anakuja mbele akicheza. Anatandikiwa kitenge miguuni. Anasema alivyokuwa, anasema alivyo sasa, watu wanaitikia, ngoma inapigwa. Shida zina siku yake, Jumatano, siku ya maombi. Jumapili ni ya mambo yaliyokwisha. Na jambo ukishalishuhudia Jumapili, hulirudishi Jumatano. Hilo hakuna aliyewahi kulihubiri. Linajulikana tu, kama linavyojulikana benchi la wazee. Ukilirudisha ni kama umemwambia Mungu, ulinidanganya.

Papa Neema alikuja mbele akicheza, koti limefungwa vifungo vyote.

"Bwana Yesu asifiwe! Kifua changu ni kizima!"

Nami, kwa Luganda, mkono kifuani kama yeye: kifua changu ni kizima. Watu wakashangilia. Wiki iliyofuata aliongoza wimbo, na mabenchi yakatetemeka.

Wiki hiyo hiyo akaacha dawa.

Aliyeniambia ni mkewe. Papa Neema alivifunga vidonge kwenye mfuko wa plastiki, akavisukuma nyuma ya sanduku la nguo. Alipoulizwa akajibu, "Mtu aliyepona anameza dawa ya nini? Nilisema mbele ya madhabahu."

Msimcheke haraka, wakuu. Yule mtu hakuwa mjinga. Alikuwa mwaminifu kwa neno lake kuliko wengi wetu, na neno lenyewe lilikuwa limemtoka mapema.

Kikohozi kikarudi, ila sasa kilirudi kwa kujificha. Kiliingia ndani ya mto. Redio ilipandishwa sauti ghafla katikati ya habari, kisha ikashushwa. Nikawa najua hali ya mapafu ya jirani yangu kwa redio yake.

Siku moja nilimkuta Mama Neema kwenye bomba la uani, anasuuza mashuka. Hakunisalimu.

"Jirani, unasikia?"

"Nasikia redio."

"Usinichezee. Unasikia."

"Nasikia, Mama Neema."

"Basi hata Mungu anasikia. Ni kanisa tu ndiyo haisikii." Akakamua shuka kwa nguvu kuliko lilivyohitaji. "Jana kulikuwa na damu kidogo. Anasema ni fizi. Na Neema analala kitanda kimoja na sisi, wapi kwingine atalala?"

Nikamwambia twende kwa pasta, kimya kimya.

"Nilimwambia hivyo. Akasema nikienda kwa pasta nimemvua nguo. Batu batasema nini, anauliza. Mimi namwambia, batu batasema pole. Hataki."

Jioni nilijaribu mwenyewe. Nilimkuta mlangoni anakunja vitenge.

"Papa Neema, kumeza dawa si kumtukana Mungu."

"Wewe ni mkalimani," akasema, anacheka. "Tafsiri. Usihubiri."

Kicheko kikageuka kikohozi katikati. Akashika fremu ya mlango mpaka kikapita.

"Vumbi ya kitenge," akasema, macho yamejaa maji. Mazungumzo yakaishia hapo.

Jumapili ikafika. Sadaka ikapita, kwaya ikaanza. Nikamwona Mama Neema anatoka kwenye benchi la kina mama akicheza, polepole, bila tabasamu. Mumewe kwenye kwaya akatabasamu kwa niaba ya wote wawili. Nadhani alidhani mkewe anakuja kushukuru pamoja naye. Kitenge kikatandikwa.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Namshukuru Mungu, kwa sababu kikohozi kimerudi nyumbani kwangu."

"Amina!" kanisa likaitikia kwa mazoea, na mpiga ngoma akapiga.

Halafu watu wakasikia walichoitikia. Ngoma ikafa. Nusu ya kanisa iliganda, na nusu nyingine, ile ya Luganda, ikageuza macho kwangu kusubiri.

Mama Neema akanitazama. "Ndugu yangu, tafsiri."

Nikatafsiri. Kikohozi kimerudi nyumbani kwangu.

"Mume wangu aliponywa kidogo, akashukuru kama ameponywa yote. Sasa anaona haya kumeza dawa, kwa sababu ninyi mulimpigia ngoma. Sikuja kumtukana. Nampenda. Nimeomba kimoyomoyo kila Jumatano kwa sababu midomo yangu ilikatazwa. Leo naomba kwa sauti." Akafumba macho. "Mungu, ninaogopa. Tusaidie."

Nikasema kwa Luganda: Mungu, ninaogopa. Tusaidie.

Kisha nikafanya kosa ambalo mkalimani hafanyi. Nikarudia kwa Kiswahili, ambacho hakuna aliyekuwa anakihitaji tena. Mungu, ninaogopa. Sauti ilikuwa yangu na woga ulikuwa wangu. Ilikuwa sala yangu ya kwanza baada ya muda mrefu, na sikuitunga mimi.

Nyuma mama mmoja akanong'ona, "Anamwaibisha mwanamume wake." Papa Neema alikuwa ameinama, viwiko juu ya magoti, anatazama viatu vyake.

Aliyevunja ukimya ni Afande Odong. Ni polisi mstaafu kutoka kaskazini, mzee mrefu, kila mtu humwita Afande hata kanisani. Alisimama bila kuombwa.

"Pasta, mimi iko na neno. Wakati ya Pasaka mimi ilisimama hapo hapo, ikasema pombe imekwisha. Nyinyi yote ikapiga makofi. Jana mimi ilikunywa."

"Na juzi!" mkewe akadakia kutoka upande wa kina mama.

"Na juzi," Afande akakubali. "Huyu haachi kitu."

Watu wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Pasta alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena. Nilijiandaa kwa mahubiri. Akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Basi leo Jumatano imekuja Jumapili. Papa Neema, kuja hapa, ndugu yangu."

Papa Neema akaja. Hakucheza.

"Kohoa," pasta akamwambia. "Hapa ni nyumbani kwa baba yako. Usikohoe kwenye mto. Kohoa."

Akaweka kitambaa mdomoni, akakohoa. Kile cha kuburuta meza. Kililijaza kanisa zima, na hakuna aliyepiga ngoma kukifunika. Wakati kikiendelea mama mmoja aliinuka akazunguka kufungua madirisha yote, moja baada ya jingine, na sikuona mtu aliyedhani huyo mama hana imani.

Wakaomba. Maombi yenyewe yalikuwa mafupi. Pasta alimwomba Mungu ampe Papa Neema kifua, na ampe moyo wa kumeza kidonge cha kesho. Nikayaweka kwa Luganda neno kwa neno. Sijawahi kutafsiri sala nyepesi namna ile, wala iliyonielemea namna ile.

Sasa nilichoondoka nacho, na ndicho kilichonileta hapa.

Wengi wetu tuna kitu tulichokishukuru mapema. Ndoa tuliyosema imepona. Hasira tuliyosema imekwisha. Hofu tuliyoitolea sadaka ya shukrani, na Jumatatu ikawa imekaa kitandani inatusubiri. Shida yenyewe ingevumilika. Kinachotumaliza ni kuificha isionekane imerudi. Ukimshukuru Mungu kwa nusu, ile shukrani ni ya kweli. Rudi uombe nusu iliyobaki. Hutamshangaza.

Dawa meza, na uombe ukiwa na glasi ya maji mkononi. Mtafute mtu mmoja ambaye mbele yake unaweza kukohoa bila kuwasha redio. Na kama wewe ni kama nilivyokuwa mimi, umekauka, huna sentensi, basi azima ya mwingine. Kaa karibu na mtu anayeomba kweli, sema anachosema. Siku moja utashtuka umeirudia kwa lugha yako.

Uwanja ni wenu. Makanisani kwenu mambo yaliyorudi huwa yanasemwa siku gani? Kuna aliyewahi kushuhudia mapema? Wasioamini nao karibuni, kiti kipo. Ila atakayemtukana Mama Neema nitamjibu kwa Luganda, na atajitafutia mkalimani.

Najua mtauliza habari za Papa Neema. Ile Jumapili alirudi nyumbani akitangulia mbele ya mkewe, na hadi giza linaingia sikusikia neno upande wa pili.

Jumatatu asubuhi kikohozi kilikuja wazi, bila redio.

"Pole, Papa Neema."

Nikasikia sanduku likivutwa, na mfuko wa plastiki.

"Ulijua viko hapa?"

"Nilijua."

"Mbona hukunitilia kwenye chai?"

"Wewe si mtoto."

Vidonge vikachakarika mfukoni. "Bataniuliza mbona niliacha. Nitasema nini?"

"Utasema uliacha."

Muda kidogo mlango wangu ukagongwa. Alikuwa amevaa koti la kwaya na kitambaa kimefunika mdomo na pua, mfuko wa vidonge umebanwa kwapani. Hakunitazama usoni.

"Mkalimani. Kule kliniki banaongea Luganda, sivyo?"

"Luganda na Kiingereza."

"Basi vaa viatu." Akahema. "Na ukifika uwaambie vile unafanyaka kanisani. Sema mimi. Sema, mimi niliacha dawa, nimerudi."

Nikavaa viatu. Mama Neema alikuwa amesimama kizingitini, Neema mgongoni. Papa Neema alipopunguza mwendo na kugeuka, kama mtu aliyesahau kitu ndani, mkewe alitoka nje, akashika kitasa, akaufunga mlango nyuma yake.