Idi Mbili, Picha Moja

Taa za wapiga picha zina kisauti chao. Zikishamulika hulia kwa wembamba, kama mbu anayetafuta sikio, mpaka zijae moto tena. Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu studio kupiga picha ya kumaliza skuli, na kisauti kile kilipolia nikakunja uso, hata mpiga picha akadhani nimechukizwa na bei. Bei ilikuwa sawa tu. Mimi nilikuwa nimesharudi kwetu Mkunazini, mjini Unguja, mtoto wa miaka minane au tisa, nimevaa gauni linalowasha shingoni, na hasira nilizonazo zingetosha nyumba nzima.

Nikuelezeni kisa chenyewe. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na watoto wawili tu: Ami Suleiman, ndiye mkubwa, na baba yangu. Picha za harusi zao alikuwa nazo, za pasipoti alikuwa nazo, lakini picha ya yeye kakaa katikati ya wanawe wawili, wajukuu wamepangwa mbele, hakuwa nayo. Hiyo ndiyo aliyoitaka. Na aliitaka siku ya Idi, kwa sababu kwake yeye picha ya familia isiyopigwa siku ya Idi, nguo zingali na mikunjo ya dukani na mikono imekoza hina, haikuwa na tofauti na picha ya kitambulisho.

Mtasema jambo dogo hilo. Dogo kweli, kwa watu wenye Idi moja. Sisi tulikuwa nazo mbili. Ami Suleiman alikuwa akifuata mwezi popote uliposikika umeandama. Ukionekana nchi yoyote ya mbali, kwake kesho ni sikukuu. Baba alikuwa akisubiri mwezi wa hapa hapa, uonekane na watu wa hapa na utangazwe redioni. Basi karibu kila mwaka Ami alifika mjini kutoka Kiwengwa, alikokuwa mpishi wa hoteli, yeye na watoto wake wamepambika na kutiwa manukato, na sisi tumefunga. Binti yake Rukia, tuliyekuwa rika moja naye na hatuachani, alikaa kwenye ngazi za nyumba yetu akitafuna visheti. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa najifunza kufunga. Nilikuwa nikimpenda sana Rukia, lakini siku hiyo nilimchukia mpaka magharibi.

Picha haivunji saumu, alisema Bibi. Baba hakutaka kusikia. Kuvaa nguo za Idi siku ya Ramadhani ni kukiri kuwa ni Idi, na yeye hakuwa tayari kukiri hilo, sembuse mbele ya kamera. Ami naye akiombwa alale mjini ili picha ipigwe kesho, katika Idi yetu, alisema yake imeshapita, na kuivaa tena kanzu mpya ni kumwambia mdogo wake kuwa yeye ndiye aliyepatia. Jioni alirudi Kiwengwa na watoto wake, na Bibi akapanda ngazi taratibu kwenda kuvua baibui lake jipya. Lililonikera zaidi ni kwamba miezi mingine yote hawa walikuwa ndugu wazuri tu, wakitaniana kwenye simu mpaka baba machozi yanamtoka kwa kucheka.

Mwaka mmoja mwezi ukatuhurumia, ukaandama siku moja kwa wote. Sijapata kumuona Bibi akishuka ngazi upesi kama asubuhi ile. Tulijazana katika studio ya Bwana Hemedi, chumba kimoja kirefu kichochoroni, chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu Unguja aliyewahi kuyaona. Bwana Hemedi alikuwa mwembamba, mwenye kitana mfukoni, na hakuanza kazi mpaka amemchana kila mtoto nywele, hata aliyetoka kusukwa. Alichana, akapanga, akapangua, akasema wanja wa mke wa Ami umechuruzika, ukafutwa, ukapakwa tena. Alipoinama nyuma ya kamera, umeme ukakatika. Tukangoja. Poda zikageuka ugoro usoni, mdogo wangu akalala, na adhuhuri ilipoadhiniwa Ami akasema zamu yake hotelini inamsubiri. Umeme ulirudi hata hajafika Darajani kupanda gari.

Nadhani ni mwaka wa pili yake Bwana Hemedi aliponunua kompyuta, na ndiye aliyekuja na dawa. Alimweleza baba kuwa siku hizi hakuna haja ya watu kusumbuana. Waje akina Ami katika Idi yao, wakae upande wa kulia wa Bibi. Waje akina baba katika Idi yao, wakae kushoto. Bibi atakaa katikati siku zote mbili, nguo ile ile, kiti hakisogezwi, na kompyuta itawaunganisha wasijulikane. Baba alifurahi, Ami kwenye simu alifurahi zaidi, kwa kuwa hapakuwa na aliyeshindwa. Bibi aliuliza kama hakuna njia nyingine. Akaambiwa hii ndiyo ya kisasa.

Siku ya kwanza nilimsindikiza Bibi kwa kuwa miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Nilisimama pembeni na saumu yangu, nikamuona Rukia akiambiwa anyooshe mkono wa kushoto, aufumbate kidogo, kama kamshika mwenzake. Mwenzake ni mimi, na nilikuwa pale pale, hatua chache tu. Nilimwambia Bwana Hemedi naweza kuingia mara moja nikatoka. Akacheka, akasema siku yangu ni kesho. Ami aliinama akambusu Bibi mkono, wakaaga.

Siku ya pili Bibi alishuka tena ngazi zile zile, amevaa tena baibui lile lile. Baba alikaa kushoto kwake, akiwa na kanzu mpya na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Mimi nikaambiwa ninyooshe mkono wa kulia. Taa ikamulika, kikalia kisauti chake, Bwana Hemedi akasema nitabasamu kidogo, mkono uwe laini, nionekane nimemshika ndugu yangu.

"Sijamshika mtu," nikasema.

Mama akanifinya mgongoni. Ndiyo maana katika picha hiyo nimetoa macho.

Ilitoka kubwa, ikatiwa fremu ya dhahabu, na ukweli usemwe, fundi alikuwa fundi. Hujui kama si siku moja. Baba aliishika kwa mikono miwili, akaizungusha kwa majirani kama cheti cha kufaulu. Bibi alipewa akiwa kitandani. Aliitazama muda mrefu, akaipitishia kidole kutoka kwa Ami mpaka kwa baba.

"Nzuri," alisema. "Lakini mie nlitaka mje."

"Si tulikuja, Bibi," nikamwambia. "Na akina Rukia walikuja."

"Mlikuja, mwanangu," akasema, akanirudishia.

Nilimuona mtu asiyeridhika. Kashuka ngazi siku mbili, sisi tumewashwa na magauni, mtu wa watu kakesha kwenye kompyuta, na yeye bado ana lake. Ikatundikwa sebuleni, kwani chumbani kwake hakutaka.

Mwaka uliofuata, Ramadhani ilipokaribia kwisha, Bibi aliomba simu. Nilikuwa nimekaa miguuni kwake nikimkanda, na Ami alikuwa na sauti kubwa, kila neno lilinifikia. Bibi alimwambia safari hii aombe ruhusa kazini, alale mjini japo siku moja, ili wakae na mdogo wake wapige picha.

"Picha si unayo, mama?" alisema Ami.

Baba alipoulizwa jioni alijibu maneno hayo hayo, na hawakuwa wameambizana. Hawakusema kwa ubaya, hata kidogo. Walidhani wamempunguzia mama yao shida. Bibi aliishi miaka kadhaa baadaye na hakuomba tena. Ami akawa anapiga simu tu kupeana mkono wa Idi, kwa kuwa safari ya kutoka Kiwengwa ilikuwa ndefu, na hapakuwa tena na picha ya kugombania.

Nimeshakuwa mtu mzima, nina wanangu mwenyewe ninaowaita mezani mara tatu ndipo waje, ndipo nilipofahamu alichokuwa akikiomba. Alitaka robo saa tu. Alitaka mtu awaamrishe wanawe wasogee, wasogee tena, mpaka wamuegemee yeye wote wawili kwa pamoja, na picha ilikuwa kisingizio chake pekee cha kuwafikisha hapo. Tukampa picha, tukamnyang'anya kisingizio. Nyumba ile sasa ni yangu. Wageni wakiingia sebuleni huitazama fremu ile wakasema, mashaallah, wana wa bibi huyu walipendana. Nami huitikia ahsanteni, nikatoka kwenda kutia chai.