Binti Aliyewakumbuka Ng'ombe

Mimi nasifika Handeni nzima kwa kutosahau kitu. Juzi, kwenye kliniki moja Korogwe, nilikutana na kiboko yangu.

Mfugaji mmoja na binti yake mwenye kifafa waliketi mbele ya daktari. Nilikuwa kwenye benchi la nje nikisubiri dawa zangu; mlango ulikuwa wazi, na masikio yangu hayana pazia.

"Daktari, dawa anakunywa. Ila hicho chakula cha kutuliza kifafa ulichompangia, mafuta na mayai bila ugali, majirani wanasema namtesa mtoto. Nimrudishie ugali?"

"Zamani kichwa chake kilikuwaje?"

"Alisahau hata majina ya ng'ombe wetu."

Daktari akamgeukia binti. "Haya mama, nitajie."

Binti akafumba macho, akawataja mmoja mmoja, kidole kikinyooka hewani kana kwamba wanatoka zizini. Baba akamkatiza: "Huyo tulishamuuza."

"Hapana, baba. Uliyemuuza ni mama yake."

Mfugaji akalaza fimbo sakafuni, akaziba mdomo kwa kiganja. "Kweli," akasema. "Ugali tutakula sisi."

Nilichukua dawa zangu nikaondoka. Nilipofika getini nikasikia ndala zinakimbia nyuma yangu: yule binti.

"Shikamoo, mzee. Umesahau kadi yako kwenye benchi."