Firigisi ya Baba

Mwaka ule niliondoka Tunduma kwenda kwetu Iyula kwa Krismasi nikiwa mwembamba na mwenye majivuno. Nilikuwa nimeacha chipsi, soda na maandazi. Kila asubuhi nilikunywa maji ya uvuguvugu yenye limao huku malori yakinguruma kwenye foleni ya mpakani, nikajiona msafi kuliko chochote kilichokuwa kikivuka. Nilivuka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kununua kitenge, na fundi akanishonea gauni lililonikaa kama ganda linavyokaa kwenye ndizi. Sikukuu, nilijiambia, ni siku kama siku nyingine. Tumbo halijui kalenda.

Nyumbani nilikuta suala la kula limekuwa zito kuliko majivuno yangu. Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari, na macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Msimu wa kahawa uliopita alichuma mbichi na mbivu pamoja, kwa kuwa kwake nyekundu na kijani vilikuwa ukungu mmoja, na mama alishinda akichambua nyuma yake. Daktari alimwambia wazi: sukari ikitulia hadi Januari, jicho la kwanza litafanyiwa upasuaji. Ikipanda, asubiri tena.

Lingekuwa jambo jepesi kama baba asingekuwa mzee wa kanisa. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya yeye huzunguka nyumba kwa nyumba kusali na familia, na kwetu sala haiishi bila sinia. Pilau, nyama, chapati, na soda iliyokwisha kufunguliwa ili usipate pa kukimbilia. Kurudisha sahani jikoni ikiwa imejaa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba hajui kupika au, mbaya zaidi, kwamba unamshuku.

Mama aliamua kesi hiyo huku akimenya viazi.

"Wewe si ndiye mtaalamu wa vyakula? Fuatana na baba yako. Atakula hapa kabla ya kutoka. Huko aonje tu, wewe umalizie."

"Mama, mimi vitu hivyo nimeviacha."

"Utaviacha tena Januari."

Basi baba alikula ugali wa ulezi na majani ya maboga, akanishika bega, tukaingia kwenye njia ya matope. Katika nyumba ya kwanza alisali, akaonja kijiko kimoja, kisha akanisogezea sahani kwa upole, kama mtu anayempa jirani kitabu cha nyimbo. Nikala yake juu ya yangu. Nilikula pilau kwa ajili ya jicho moja na chapati kwa ajili ya jicho la pili. Nilikula kwa huzuni, na kila nyumba huzuni ile ilizidi kuwa tamu. Baba alizidi kuwa mwepesi njiani. Mimi ndiye niliyeomba tupumzike. Zipu ya gauni la Nakonde ilipogoma kabisa, mama alinipa gauni lake bila kunitazama usoni.

Siku ya mwisho tulifika kwa shangazi, dada yake baba. Alikuwa amechinja jogoo, na juu ya sahani ya baba, peke yake kama mgeni rasmi, ilikaa firigisi. Kwetu firigisi ni ya baba wa nyumba. Mimi nilikua nikiijua kwa harufu tu. Baba aliinamisha kichwa, akanusa, akatabasamu, na vidole vyake vikaanza kuitafuta polepole.

Nilikwisha kuwa mwepesi wa mkono kama mawakala wa forodha mpakani wanapomvamia dereva anayeshuka kwenye lori. Niliinyakua, nikaitafuna, nikameza.

"Wee!" shangazi alipiga kelele. "Umekula nini?"

"Cha baba, shangazi. Ni kwa sababu ya sukari yake."

"Firigisi? Mtoto wa kike? Mbele ya baba yako?" Akamgeukia kaka yake. "Na wewe, kaka, umenyamaza tu?"

"Mimi sijaona kitu," alisema baba.

Nyumba nzima iliangua kicheko. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniongezea wali, ili niteremshie, alisema, heshima niliyoimeza.

Tulirudi katikati ya mahindi machanga yaliyolowa mvua. Mkono wa baba ulikuwa begani kwangu.

"Mwanangu."

"Naam, baba."

"Firigisi ina sukari?"

Nilikumbuka yote niliyowahi kusoma kwenye simu kuhusu ulaji bora.

"Haina, baba."

"Mh," alisema. "Nilidhani hivyo."

Januari sukari ilikuwa imetulia, na jicho la kwanza likafanyiwa upasuaji. Kesho yake mimi na mama tulisimama kando ya kitanda, muuguzi akabandua bandeji. Baba alitazama dirisha. Alimtazama mama kwa muda mrefu, hadi mama akaangalia chini kama bibi harusi. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa bado ndani ya gauni la mama, akanipitia kuanzia mashavuni hadi tumboni bila haraka, kama mtu anayekagua shamba lake baada ya safari.

"Kumbe firigisi yangu ilikwenda hapo," alisema.