Ripeka Akataa Kumbukumbu

Ripeka Tawhai hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Asubuhi alichelewa, hesabu zilimpiga chenga, na kila Jumamosi alikaanga samaki na chipsi dukani kwa mjomba wake hadi Jumatatu nywele zake zilikuwa bado zinanukia mafuta. Mama yake alikata nyama kiwandani, kama nusu ya wazazi wa mji wetu huu wa Southland, kusini mwa New Zealand. Lakini wenzake walimchagua kuwa mjumbe wa wanafunzi kwenye bodi ya shule kwa sababu moja tu: akishika jambo haliachi njiani.

Mimi, Glenys, nimekuwa karani wa shule ile kwa miaka kumi na tisa. Naandika kumbukumbu za bodi, na mwaka ule nilikuwa pia na ufunguo wa vyoo. Mwalimu mkuu aliamuru vyoo vifungwe saa za masomo, watoto wasijifiche humo kuvuta sigara za umeme. Aliyebanwa alikuja dirishani kwangu kuomba ufunguo, na ili usipotee tuliufunga kwenye kibao kikubwa kama cha kukatia mkate. Alivuka nacho uwanja mzima, wavulana wakimtazama.

Awhina, binamu yake Ripeka, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliona haya kuuomba. Siku moja hedhi ikamkuta darasani, sketi ikachafuka, darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo hakuja shule. Ripeka alimwahidi kwamba milango ile itafunguliwa.

Alilisema bodini katika vikao vitatu vya kila mwezi, mfululizo. Kila mara mwenyekiti, Murray Dalgleish, mfugaji wa kondoo mwenye sauti ya kuitia mbwa, alitabasamu na kusema ahsante sana, binti, tumekusikia. Mimi nikaandika "Ripoti ya mwanafunzi ilipokelewa", kisha nikaenda kupasha moto pai za nyama. Naona aibu kulisema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwenye kikao cha nne Murray aliuliza, kama kawaida, iwapo kumbukumbu za kikao kilichopita ni sahihi. Swali hilo huwa halijibiwi. Watu huwa wanamimina chai. Ripeka akanyoosha mkono.

"Vipi, Glenys amekosea jina lako?" Murray akamtania.

"Jina ndilo pekee lililo sahihi. Nilisema Awhina hajaja shule wiki tisa. Hapa imeandikwa ripoti ilipokelewa. Siwezi kukubali hizi."

Murray alimweleza kwa upole kwamba kumbukumbu ni ufupisho tu, na kwamba paa la ukumbi wa michezo linasubiri kujadiliwa. Ripeka hakushusha mkono. Kisha akanigeukia, jambo ambalo hakuna mjumbe aliyewahi kulifanya.

"Whaea Glenys," akaniita, kwa neno la Kimaori la kumheshimu mwanamke mkubwa kama mama, "daftari lako si lina kila neno? Tusomee."

Karani hasemi kikaoni. Nilimtazama Murray, naye akatikisa kichwa kunikataza. Hapo nikapandwa na hasira, zaidi juu yangu mwenyewe, nikasoma. Nilisoma vikao vyote vitatu, neno kwa neno, na chai ikapoa mezani.

Ripeka akatoa hoja: vyoo vifunguliwe kuanzia Jumatatu. Mwalimu Faleolo wa useremala, mjumbe wa walimu, akamuunga mkono. Murray akashusha pumzi na kuitisha kura.

"Kabla ya kura," Ripeka akasema, "naomba majina ya watakaopinga yaandikwe. Yote."

"Unatutisha, wewe mtoto?"

"Hapana, Bwana Dalgleish. Nataka Awhina naye apate kitu cha kusoma."

Bodi ilikuwa na wajumbe wanane, na ningeapa kwamba watano wangepinga. Nilishika kalamu, nikasubiri. Mwalimu mkuu alikagua kucha zake. Mkono mmoja tu wa kupinga ulipanda, wa Murray mwenyewe, na kwa hilo namheshimu, maana hakujificha. Nikaandika jina lake lote, la kwanza hadi la ukoo.

Jumatatu, katikati ya kipindi cha pili, Awhina alipita mbele ya dirisha langu akielekea chooni. Hakunitazama, wala hakuniomba kitu.