Meno ya Juu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, huko Kirushya, baba alichukuliwa kwenda vitani, na nyuma yake kitindamimba wetu, Deo, akaanza kuota meno. Yakatangulia ya juu. Bibi, mama yake baba, alimtia kidole mdomoni, akapapasa ufizi, kisha akakifuta kidole kwenye khanga kama aliyeshika kinyesi.

"Kigego," akasema. "Mtoto wa hivi humuua baba yake. Na baba yake yuko kwenye risasi."

Mama akamwangukia miguuni. "Nakusihi, mama, nimpeleke misheni, masista wamlee."

"Akiwa misheni si bado yu hai?"

Kijiji cha ujamaa kilitupanga mistari, mlango kwa mlango; ukikohoa, jirani anakupa pole. Mchana ule wote walitoka kutazama. Wanawake wawili wakamshika mama. Bibi akambeba Deo mgongoni, akateremka naye mtoni, akarudi mgongo mtupu. Hakuna aliyefungua kinywa, hata balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye ukichelewa shamba la kijiji alikufokea mpaka mate yakurukie. Nawachukia hadi leo, nasema wazi. Mdogo wangu Adela, wa miaka minne, alikaa kizingitini akitafuna muwa, macho kodo.

Vita vikaisha. Baba akarudi mzima, hana hata mkwaruzo. Loo, bibi alivyopata sifa! Akaletewa na pombe ya ndizi. Baba aliambiwa Deo alikufa kwa surua.

Kesho yake baba alikuwa ameketi uani, Adela akicheza na mtoto aliyemfuma kwa majani makavu ya mgomba. Adela akamchokoa mdomoni, akafuta kidole kwenye gauni, akamtupa jalalani.

Baba akacheka. "Mbona unamtupa mwanao?"

"Kigego, baba. Bibi alimtupa Deo mtoni, ndiyo maana hukufa."

Nilingoja baba ainuke, apige kelele, avunje kitu. Mama alisimama na mwiko mkononi, naye akingoja.

Baba akampakata Adela, akampangusa kamasi. "Ahsante, mwanangu," akasema.

Hakuna aliyemketisha Adela kumfundisha. Alitazama tu, kisha akashukuriwa. Leo Adela naye ni bibi mpole, watoto wa mtaa mzima wanamkimbilia. Mimi nimezaa wanne, na sikumwachia hata mmoja, hata nilipokwenda kisimani tu.