Koleo la Bei Rahisi

Bosi wetu, Mwomani mwenye asili ya Unguja, alikuwa na Kiswahili kitamu hivi kwamba akikutukana unachelewa kujua. Siku hiyo mimi na Mkenya mwenzangu tulikuwa naye katika duka la vifaa vya umeme mtaa wa Azaiba, huko kwao Omani, tukichagua koleo la kubania vichwa vya shaba kwenye nyaya za paneli. Makoleo yalikuwa mawili. La kwanza lina meno ndani: likishashika haliachii mpaka limebana sawasawa, hata ukiwa na mkono wa mtoto. La pili, la bei rahisi, linabana kadiri ya nguvu zako tu.

Mwenzangu akashika la kwanza. Vidole vyake viwili vilipondwa na mlango wa paneli, kazini kwa bosi huyo huyo, na tangu hapo havikunjiki vizuri.

"Nna mafundi mie, sina wagonjwa," bosi akasema, akalipia la rahisi.

Karakanani kwake kila waya uliobanwa lazima uvutwe, kuona kama umeshika. Mwenzangu akabana, bosi akavuta mbele yetu sote. Waya ukachomoka. Akabana mwingine, jasho likimtiririka. Nao ukachomoka. Bosi akatabasamu, nami nikatamani kuyang'oa yale meno yake kwa koleo lake mwenyewe.

"Haya, baba, kapumzike kwenu Kenya," akamwambia kwa upole, kama anayemkaribisha kahawa.

Kisha akanitilia koleo mkononi.

"Wewe mkono unao, mwanangu. Kwa sasa."